Paul George alijenga fainali ambayo hakucheza, kisigino kikaimaliza

Saa tisa usiku, Jumatatu, Juni 23, 2025. Mtaa mzima umelala isipokuwa mbwa wa soja na mimi. Niko kwa keja, simu nimeiegemeza kwa sufuria ya chai, bando limebaki la kuhesabu. Kando yangu ameketi dogo wa ploti yetu, miaka 16, mrefu hadi anainama akiingia mlangoni. Mamake amemruhusu kuja kucheki mechi kwa sharti moja tu: saa kumi na mbili awe ameoga na yuko njiani kwenda shule.

Ni mechi ya saba ya fainali za NBA, Oklahoma City Thunder dhidi ya Indiana Pacers. Mshindi anabeba kombe, anayeshindwa anaenda nyumbani. Tyrese Haliburton wa Pacers tayari ametupia tatu za mbali, pointi 9 ndani ya dakika saba, na dogo ameanza kunipiga mabega kama mtu aliyelipwa. Halafu Haliburton anapokea mpira, anataka kusukuma mguu wa kulia aondoke, na mguu unakataa. Anaanguka bila kuguswa na mtu. Anapiga sakafu kwa kiganja, mara nyingi, akipiga kelele.

"Brathe, ni ile shavu ya mguu?" dogo akauliza.

Nilijua si shavu tena. Kila mtu aliyewahi kucheza alijua. Ilikuwa kano ya kisigino, ile kamba nene inayoshikilia shavu la mguu na kisigino, na ikikatika msimu mzima unaenda nayo. Thunder walishinda 103 kwa 91. Shai Gilgeous-Alexander akafunga pointi 29 na kutoa pasi 12 za mabao, akachukua tuzo ya mchezaji bora wa fainali juu ya ile ya msimu aliyokuwa ameshabeba. Sisi wawili tulikuwa bado tunazungumzia mguu.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya mguu huo, na mguu mwingine ambao nitafika. Lakini kwanza lazima nikwambie hizo timu mbili zilifikaje pale, maana hadithi yenyewe ni tamu kuliko drama yoyote ya runinga.

Kuna msee anaitwa Paul George. Nyota, winga, mikono laini, alianzia Indiana. Mwaka 2017 aliwaambia Pacers hataki kukaa, wakamtuma Oklahoma na kupewa Victor Oladipo na Domantas Sabonis. Watu walicheka: nyota kwa hao wawili? Sabonis akakua akawa nyota. Februari 2022 Pacers wakamtuma Sacramento, na katika kifurushi walichorudishiwa kulikuwa na kijana mwembamba mwenye mtindo wa kurusha unaofanana na mtu anayesukuma mlango uliokwama. Huyo ndiye Haliburton.

Sasa rudi Oklahoma. Julai 2019 George huyo huyo aliomba kuondoka tena, safari hii kwenda Los Angeles Clippers kucheza na Kawhi Leonard. Clippers walikuwa na njaa kiasi kwamba walitoa Gilgeous-Alexander aliyekuwa amecheza msimu mmoja tu, wakatoa Danilo Gallinari, wakaongeza haki tano za kuchagua chipukizi raundi ya kwanza ya drafti, na juu yake haki mbili za kubadilishana nafasi. Moja ya hizo haki ikazaa Jalen Williams, chaguo la 12 mwaka 2022, ambaye leo ndiye nambari mbili wa Thunder. Na George? Mwaka 2024 mkataba uliisha akaenda Philadelphia. Clippers hawakupata hata senti ya kumpigia simu.

Kwa hivyo fainali ya 2025, pande zote mbili, ilitoka mfukoni mwa Paul George, mtu ambaye mwenyewe hajawahi kucheza fainali. Nikimweleza dogo hii, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yaani huyo ni kama mbegu." Sikuwa na la kuongeza.

Watu wengi mtaani wanafikiri kuhama kwa wachezaji NBA ni kama Arsenal kununua mshambuliaji: toa doo, chukua mtu. Hapana. Kule pesa hazinunui mchezaji aliye na mkataba. Lazima utoe watu, au haki za drafti, na mishahara ikaribiane pande zote mbili. Mchezaji mwenyewe mara nyingi hana kauli, anaweza kuamka asubuhi akapata ameshahamishwa mji.

Uliza Luka Doncic. Jumapili, Februari 2, 2025, mida ya saa mbili asubuhi saa zetu, watu wakijiandaa kwenda kanisani, mwandishi Shams Charania alitangaza kwamba Dallas Mavericks wamempeleka Luka kwa Lakers. Tuliamini akaunti yake imedukuliwa, hadi akaandika tena kwamba ni kweli. Grupu yetu ya WhatsApp ilipata jumbe nyingi asubuhi hiyo kuliko siku ya matokeo ya uchaguzi. Luka alikuwa na miaka 25. Miezi michache nyuma alikuwa amewapeleka Dallas fainali. Walipata Anthony Davis, mwenye miaka 31 na mwili wa kuvunjikavunjika, Max Christie, na haki moja, MOJA, ya raundi ya kwanza ya 2029. Clippers walitoa tano kwa George, kumbuka.

Meneja mkuu wa Dallas, Nico Harrison, alijitetea kwamba ulinzi ndio unashinda mataji. Sawa. Davis aliumia kwenye mechi yake ya kwanza kabisa na jezi mpya. Mwezi uliofuata Kyrie Irving akakatika kano ya goti. Aprili Luka akarudi Dallas na jezi ya Lakers, wakamwonyesha video ya kumbukumbu, akalia kwenye benchi mbele ya watu wote, halafu akainuka akawafunga pointi 45. Kisha, kwa sababu dunia haina adabu, Dallas wakashinda bahati nasibu ya drafti wakiwa na nafasi ya asilimia 1.8, wakamchukua Cooper Flagg. Hata hiyo haikumwokoa Harrison: Novemba 2025 alifutwa kazi. Mashabiki walikuwa wamemwimbia jina lake kwa hasira uwanjani tangu siku ile.

Mimi sikuwa shabiki wa Luka, anabishana na marefa kuliko kondakta na abiria wa change. Lakini ile asubuhi iliniuma. Nafikiri ni kwa sababu wengi wetu tumewahi kupokea ujumbe wa aina hiyo, wa kazi au wa chuo, ule unaoanza na "tunasikitika kukufahamisha", na unagundua uamuzi ulifanywa wiki mbili nyuma na watu waliokuwa wakikusalimia kila siku.

Tuje kwenye sheria inayobadilisha kila kitu sasa hivi, nitapita haraka maana ni hesabu. Mkataba wa ligi na chama cha wachezaji ulioanza 2023 uliweka mstari wa pili wa matumizi, juu kabisa ya ule wa kodi. Ukiuvuka, huruhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili kumleta mmoja, nafasi nyingi za kusajili zinafungwa, na hata haki zako za drafti za mbeleni zinaweza kugandishwa. Boston Celtics, mabingwa wa 2024, walikuwa wakielekea gharama ya karibu dola nusu bilioni, mishahara na kodi pamoja. Wakalazimika kuvunja kikosi: Jrue Holiday akaenda Portland, Kristaps Porzingis akaenda Atlanta. Ubingwa wenyewe ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Ndiyo maana toka 2019 hadi 2025 tumepata mabingwa saba tofauti kwa miaka saba: Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, Oklahoma. Enzi za timu moja kukalia kiti zimeisha kwa sasa. Ukitaka kudumu, unahitaji vijana wengi wa bei nafuu, na vijana wengi wana kitu kimoja ambacho wazee hawana. Mapafu.

Hapo ndipo mtindo wa mchezo unaingia.

Mstari wa pointi tatu uliletwa NBA msimu wa 1979-80, na mwaka huo timu ilijaribu mara 2.8 tu kwa mechi. Msimu wa 2024-25 wastani ulikuwa zaidi ya 37. Hesabu ni rahisi hata kwa mtu aliyeacha chuo kama mimi: ukirusha za tatu ukapata asilimia 36, kila mrusho una thamani ya zaidi ya pointi moja. Ukirusha za mbili za katikati ukapata asilimia 40, ni 0.8. Stephen Curry aliifanya hesabu hiyo ionekane tamu, mara 402 kwa msimu mmoja, 2015-16, na kila uwanja wa lami kutoka Kayole hadi Kisumu ukajaa watoto wanaorusha kutoka karibu na gari la mtu.

Lakini hesabu haina huruma ikigeuka. Mwaka 2018, mechi ya saba ya fainali ya magharibi, Houston Rockets walikosa za tatu 27 mfululizo dhidi ya Warriors. Mei 2025 Celtics walirusha 60 dhidi ya New York Knicks, wakakosa 45, rekodi ya mchujo, na wakapoteza mechi waliyoongoza kwa pointi 20. Mimi nilikuwa macho. Nililala nikiwa na hasira kwa watu ambao hata sijawahi kuwaona.

Pacers walikuja na jibu tofauti. Kocha Rick Carlisle hakuwa na kikosi cha kutisha kwa karatasi, kwa hivyo akachezesha watu tisa, kumi, na kuwaambia wakimbie. Ukifunga, mpira unatolewa haraka kabla hujamaliza kusherehekea. Ukishika mpira, kuna mtu anakubana tangu chini ya kikapu chako mwenyewe, mita zote 28, kama askari wa kanjo na mchuuzi. T.J. McConnell, mfupi na hana umaarufu wowote, alikuwa anaiba mpira wa kurushwa ndani kana kwamba amesahaulika uwanjani. Robo ya nne inapofika, wewe umechoka, wao wana miguu mipya.

Na Haliburton akawa anamaliza. Nitakutajia tu, maana nikianza kusimulia kila moja hatutatoka hapa. Milwaukee wakiongoza kwa pointi saba zikiwa zimebaki sekunde 40 za muda wa ziada: Pacers wakashinda 119 kwa 118. Cleveland, timu iliyokuwa imeshinda mechi 64 msimu huo: tatu ya Haliburton sekunde 1.1 zikibaki. New York wakiongoza kwa 14 chini ya dakika tatu: Aaron Nesmith akawasha moto wa tatu sita robo hiyo moja, kisha mrusho wa Haliburton ukagonga chuma, ukapaa juu kama umerushwa na mtu wa ghorofani, ukaingia. Akajishika koo kwa ishara ya Reggie Miller, akidhani ni tatu. Ilikuwa mbili. Wakaenda muda wa ziada wakashinda 138 kwa 135. Na mechi ya kwanza ya fainali, Oklahoma, sekunde 0.3 zikibaki, 111 kwa 110. Pacers waliongoza mechi nzima kwa hizo sekunde 0.3 pekee.

Aprili mwaka huo huo wachezaji wenzake walikuwa wamemchagua kwa kura ya siri kuwa mchezaji anayesifiwa kupita kiasi. Eti.

Thunder nao walikuwa na wao. Walishinda mechi 68 msimu wa kawaida wakiwa miongoni mwa vikosi vichanga zaidi kuwahi kubeba taji, na silaha yao ilikuwa mikono: kupora, kukatiza pasi, kukuchosha akili. Mechi ya saba dhidi ya Denver walimweka Alex Caruso, gadi wa futi sita na ushei, kumlinda Nikola Jokic mwenye karibu futi saba. Ukimwambia kocha wa zamani afanye hivyo atakufukuza mazoezini. Ilifanya kazi. Caruso mwenyewe walimpata kwa kumtoa Josh Giddey, mdogo kwa umri na mwenye jina kubwa kwenye drafti. Hiyo kwangu ni biashara bora ya 2024, bishana nami.

Sasa fikiria mwili wa binadamu katika mchezo huo. Zamani senta alisimama chini ya kikapu akapumua. Leo hata yeye lazima atoke hadi mstari wa tatu, arudi, akimbie, mechi 82 kabla ya mchujo kuanza. Steve Kerr, kocha wa Warriors, ameshalalamika kwamba kasi na umbali unaokimbiwa ndio unaumiza wachezaji. Mchujo ule wa 2025 pekee, Damian Lillard alikatika kano ya kisigino Aprili, Jayson Tatum Mei akiwa ameshafunga pointi 42 usiku huo, na Haliburton Juni. Watatu. Wote wanavaa namba 0. Sitasema ni laana, lakini dogo alinunua jezi ya namba 7.

Na Haliburton alijua. Aliumia shavu la mguu mechi ya tano, akacheza ya sita, akaingia ya saba. Kevin Durant alipita njia hiyo hiyo 2019: shavu likamuuma dhidi ya Houston, akarudi fainali dhidi ya Toronto, kano ikakatika. Baada ya upasuaji Haliburton aliandika kwamba angefanya tena vile vile. Myles Turner, senta wake wa miaka yote, akahamia Milwaukee wiki chache baadaye. Milwaukee walimpatia nafasi kwa kumwachilia Lillard aliyekuwa bado na kisigino kibovu, zaidi ya dola milioni 100 wakikubali kumlipa kidogokidogo kwa miaka mitano asiwachezee. Mguu mmoja huvuta mingine.

Nilisema nitafika kwa mguu mwingine.

Mwezi mmoja baada ya ile usiku, dogo alikuwa na majaribio. Shule moja yenye jina kwa vikapu ilikuwa inatafuta vijana, na ukichukuliwa karo inapungua sana. Kwao mamake anauza mboga na karo ya muhula haijawahi kuisha kulipwa kabla ya muhula kuisha. Majaribio yalikuwa Jumamosi. Jumanne alianza kuchechemea. Shavu la mguu, la kulia.

Mimi si daktari. Lakini nilipokuwa chuo, mwaka wa pili, niliumia kifundo siku tatu kabla ya mechi za ligi ya vyuo. Zahanati ikanipa vidonge vya maumivu na kunipigapiga mgongoni, nikafunga bendeji, nikacheza. Tulishinda kwa pointi nne. Kifundo hicho hadi leo kinanieleza kama mvua itanyesha. Kilichonitoa chuo ni karo, si mguu, ila nilipotoka sikuwa na kimoja wala kingine.

Nikamwambia asiende. Nikamwonyesha tena ile video. Akaiangalia bila kupepesa macho, kisha akaniambia, "Lakini alicheza, brathe. Na ulisema angefanya tena."

Nilikuwa nimesema hivyo, kwa sifa. Nilikaa pale kama refa aliyepuliza filimbi kimakosa. Nikajaribu kumweleza kwamba Haliburton ana mkataba wa mamia ya mamilioni ya dola, madaktari wanaomfuata hadi chooni, na mwaka mzima wa kulipwa akiwa kitandani. Dogo ana kadi ya hospitali ya mamake ambayo hatujui kama inafanya kazi. Akasema ndiyo maana lazima aende, kwa sababu Haliburton angepewa nafasi nyingine na yeye hana.

Hebu niambie wewe ungejibu nini.

Mamake ndiye aliyemaliza mjadala, kwa sentensi moja ambayo siwezi kuichapisha. Jumamosi hakwenda. Kocha wa ile shule alipopigiwa simu hakukasirika, alisema tu nafasi zilikuwa mbili na zimejaa, amtafute tena mwaka ujao. Kwa wiki mbili dogo hakunisalimia. Nilikuwa namsikia akipita mlangoni.

Najua vijana wengi wanasoma hii wakiwa na ndoto hiyo hiyo, na si ndoto ya kijinga. Tylor Ongwae alirusha ule mpira wa mwisho dhidi ya Angola mwaka 2021, 74 kwa 73, Morans wakaenda AfroBasket baada ya miaka 28. Nairobi City Thunder walikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kucheza ligi ya BAL, 2025, na mtindo tunaoucheki usiku ndio makocha wa huku wanaufundisha Nyayo mchana: kimbia, bana, rusha. Tofauti ni sakafu. Kule ni mbao inayokubali mguu, huku kwetu ni lami iliyopasuka. Ukichukua kasi ya Indiana ukaiweka kwenye lami ya Umoja, manze, goti linalipa, kisigino kinalipa.

Mguu wa dogo ulipona baada ya wiki tano hivi. Siku ya kwanza aliyorudi uwanjani nilikwenda kukaa ukutani. Hakukimbia. Alisimama kona ya kushoto akarusha za tatu tu, mmoja baada ya mwingine, akiufuata mpira kwa kutembea. Nilihesabu 19 kati ya 40. Alipomaliza alikuja akakaa, hakuniangalia, akafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa tayari zimefungwa.

"Msimu unaanza lini?"

"Oktoba."

"Thunder wanacheza saa ngapi?"

Nikamwambia mechi ya kwanza ni saa nane na nusu usiku.

"Uniamshe," akasema, kisha akaongeza, "na unirudishie ile chaja."